Kaseti Katika Boksi la Wali

Katika Kampung Kedungsari, mtaa wa mji wa Solo kisiwani Java, shughuli haikuwa shughuli mpaka Bu Painem, yaani Mama Painem, aingie na jiwe lake. Mwenye arusi angeweza kuwa na kuku, maturubali na wapiga muziki wa gamelan wa kukodi, lakini kama lile jiwe la kusagia viungo halijatua sakafuni, wanawake waliokuja kusaidia jikoni walichambua mchele taratibu na kusengenya kwa nafasi. Lilikuwa jiwe jeusi, pana kama sinia, limebonyea katikati kwa kusagiwa na vizazi. Mchi wake, wa jiwe vilevile, ulikuwa mfupi na umelainika pale pa kushikia. Bu Painem alilirithi kwa mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakumpa kingine ila maneno. Mapigo ya Bu Painem yalijulikana mtaa mzima: ponda, ponda, ponda, halafu mburuto mmoja mrefu. Mtu akiyasikia alijua kuna watu watakula vizuri.

Siku za kawaida aliuza viungo vya kusaga sokoni, manjano, pilipili na vitunguu saumu, vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Mumewe, Pak Wiryo, mlinzi wa kiwanda cha batiki, alifariki mwana wao akiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo Bu Painem hakukosa shughuli hata moja ya jirani: arusi, tohara, mimba ya miezi saba, arobaini, siku ya elfu ya marehemu. Ndiyo sheria ya pale. Leo nakupikia, kesho utanipikia. Ila kesho ya Bu Painem haikufika, maana kila alipofikiria kufanya karamu yake, paa lilivuja au mtoto aliugua. Hata tohara ya mwanawe ilipita kwa chai na ndizi za kukaanga. Hakulalamika. Lakini mwanamke asage viungo vya karamu za watu miaka thelathini, halafu aseme hajawahi kutamani yake? Huyo anakudanganya.

Mwanawe aliitwa Jatmiko. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika, na alipenda gitaa kuliko kula. Mwenzake kwenye muziki alikuwa Ratri, binti wa muuza barafu, aliyefanya kazi katika duka la fotokopi na kupiga dramu kana kwamba zimemtukana. Walikuwa wawili tu, na jambo hilo liliwasumbua sana watu wa Kedungsari.

"Wengine wako wapi?" aliuliza Yu Karti, dada mkubwa wa mtaa na kiranja wa kila jiko.

"Ndio sisi, Yu," alijibu Ratri.

"Bendi ya watu wawili! Hata karata tunacheza wanne."

Bendi waliiita Sumur Lor, kwa jina la kisima cha upande wa kaskazini wa mtaa. Albamu yao ya kwanza waliirekodi masika ile katika chumba cha nyuma cha Bu Painem, kilichopakana na jiko, kwa mashine ya kuazima na mablanketi yaliyopigiliwa misumari ukutani. Waliipa jina la Udan Awan, yaani mvua ya mchana, maana ndiyo iliyowasumbua zaidi. Mvua, na jiwe.

Siku waliyorekodi wimbo wa nne, Bu Painem alikuwa na viungo vya arusi ya watu mia tatu. Jatmiko alitokeza kichwa mara ya kwanza, akaomba radhi. Akatokeza mara ya pili. Mara ya tatu alikuja mpaka jikoni, spika za masikioni zikimning'inia shingoni.

"Bu, tafadhali. Tunarekodi."

"Na mimi nina arusi ya watu, Le, mwanangu. Unataka nisage kwa meno?"

Alisema hivyo kwa mdomo tu, maana aibu ilikwisha mshika. Alilibeba jiwe lake mpaka kisimani akasagia huko kwenye manyunyu, kanga moja ya batiki kichwani, akijilaumu kwamba amemharibia mtoto kazi. Tangu siku hiyo hakuuinua mchi kabla ya kuuliza kwanza kupitia ule mlango wa chumba cha nyuma: "Le, mnarekodi?" Akisikia "Hapana, Bu," anasaga. Asiposikia kitu, anasubiri. Ikawa tabia, hata siku ambazo Jatmiko hakuwepo aliuuliza mlango mtupu, akajicheka, akaendelea na kazi.

Kurekodi kulipokwisha, akaweka nadhiri. Mungu akimjaalia kuishika mkononi kaseti ya mwanawe, atatoa wali wa shukrani kwa Kedungsari nzima, wali wa kweli, wenye mlima wa manjano katikati na dua ya modin, msoma dua wa mtaa, na kila nyumba itapata boksi lake.

Siku hizo kaseti ndiyo ilikuwa mali. Jatmiko na Ratri walizoa akiba zao zote wakaagiza kaseti mia moja kiwandani, zikaahidiwa kufika Ijumaa. Jumamosi alasiri wangeizindua albamu katika ukumbi wa badminton. Nusu ya kaseti zingechukuliwa siku hiyohiyo na mwandishi mmoja wa habari za muziki kutoka Jakarta, aliyekubali kuzipeleka kwenye maduka ya huko na ya Bandung, na zilizobaki zingeuzwa mlangoni. Hayo Bu Painem aliyasikia juujuu, kama mzazi anavyosikia mambo ya vijana. Yeye akili yake ilikuwa kwenye wali. Alichagua Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, siku njema, ingawa kaseti zingefika kesho yake, akawaambia majirani.

Walikuja wote. Alfajiri ya Alhamisi jiko lake dogo lilijaa wanawake mpaka wengine wakamenyea vitunguu kibarazani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bu Painem akasikia Yu Karti akitoa amri katika jiko ambalo karamu ilikuwa ya Bu Painem mwenyewe. Alisaga viungo huku anatabasamu peke yake. Jatmiko na Ratri walikuwa wameshaondoka kwenda mji wa Yogya kuazima amplifaya.

Mambo ya viwanda hayatabiriki. Saa nne asubuhi gari dogo likasimama mlangoni, mtu akashusha katoni mbili, akaondoka. Kaseti zilikuwa zimewahi siku moja.

Yu Karti alifungua katoni ya kwanza kwa kisu cha kitunguu. Ndani yake kaseti zilipangwa kama biskuti, kila moja katika nailoni yake inayong'aa, na juu yake picha ya Jatmiko na Ratri wamesimama kando ya kisima.

"Nem, na hizi?"

"Za mwanangu hizo!" Bu Painem aliifuta mikono, akaichukua moja, akaiweka kifuani. Ombi la nadhiri yake lilikuwa limetimia hapohapo, kabla hata wali haujaiva.

"Najua ni za mwanao, si huyu hapa amenuna? Nauliza zinaingia boksini?"

Hapa mtu asimcheke upesi. Katika arusi za watu wenye uwezo, ndani ya boksi la wali huwekwa na kijizawadi cha kwenda nacho nyumbani: kipepeo cha kujipepea, kikombe, kikata kucha. Bu Painem alikuwa amepiga hesabu za kijizawadi wiki nzima akaona hakiwezekani, akakiacha. Sasa tazama: maboksi ya wali yalikuwa mia, na vitu vya kung'aa vimeshuka mlangoni mia, vya saizi ileile, siku ileile ya karamu. Katika miaka yote ya kupika hakuwahi kuona kitu kizuri kikiletwa asubuhi ya shughuli halafu kisiende kwa wageni. Na tuseme ukweli, alitaka pia watu wajue kwamba mtoto wa mlinzi na muuza viungo amefanya kitu chenye jina na picha.

"Ziingie," alisema. "Kati ya yai na nazi."

Jioni, baada ya magharibi, wanaume waliketi kwenye mikeka mpaka uchochoroni. Modin alisoma dua ndefu, mlima wa wali wa manjano ukakatwa kileleni, kila mtu akaitikia amina na kubeba boksi lake, lile wanaloliita berkat, yaani baraka, na watoto wakapeleka mengine kwa wasioweza kufika. Jatmiko naye alikuwa amerudi, ameketi karibu na mlango. Alipewa boksi lake kama mwanamume yeyote, akaenda kulila chumba cha nyuma pamoja na Ratri.

Kitambo kidogo kikapita. Kisha Ratri akacheka. Alicheka sana, akacheka mno, mpaka Bu Painem akaweka sufuria chini akaenda kutazama. Alimkuta ameegemea dramu, machozi yanamtoka. Jatmiko alikuwa ameshika kaseti yenye punje za wali na nazi ya kukaanga iliyonata kwenye nailoni.

"Bu, hii imetoka wapi?"

"Zimefika leo, Le! Umeona zilivyo nzuri?"

"Nyingine ziko wapi?"

"Kila nyumba imepata." Bado alikuwa anatabasamu, maskini. "Zimetosha sawasawa, hata moja haikuzidi. Ni kudra hiyo."

Ratri aliacha kucheka. Jatmiko aliketi juu ya amplifaya, akamweleza mama yake taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: Jumamosi, mwandishi wa Jakarta, maduka, kwamba hapakuwa na kaseti nyingine na wala hapakuwa na akiba ya kuagiza nyingine. Kila neno lilivyoingia, tabasamu la Bu Painem lilizidi kwisha.

"Nitazifuata," alisema. "Naanza kwa Yu Karti sasa hivi. Ni nyumba kwa nyumba tu."

"Usiende, Bu."

"Wataelewa!"

"Bu. Ni berkat. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kilichosomewa dua hakirudishwi nyuma. Uende ukamwambie nani akutolee baraka tumboni?"

Hakupaza sauti. Angepiga kelele, mama mtu angejua la kumjibu. Badala yake aliuchukua wali wake akaula mpaka punje ya mwisho kwa heshima ya mpishi, akasema asante, akalala amegeukia ukuta. Bu Painem alibaki na masufuria. Karamu aliyoingojea miaka thelathini ilikuwa imekwenda vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyommaliza mwanawe. Aliosha vyombo huku analia.

Asubuhi alipiga moyo konde. Jatmiko amekataza, sawa, lakini mama ni mama. Angepita kwa majirani wachache tu, aseme kwa mzunguko. Alitoka na kikapu chake cha viungo, akafika nyumba ya kwanza, akasimama. Ndani, sauti ya Jatmiko ilikuwa inaimba. Akasogea nyumba ya pili: Jatmiko tena, wimbo mwingine. Ya tatu, dramu za Ratri zilikuwa zinatikisa kabati la vyombo. Kumbe berkat hailazwi wala haitupwi. Ukiibakiza umemdharau aliyekupa. Watu walikuwa wamekula wali, wamekula yai, sasa walikuwa wanamalizia kaseti. Uchochoro mzima ulinguruma, kila redio na wimbo wake, mpaka paka walihamia kwenye mapaa.

"Bu Painem!" Pak Sukiran, mfuga ndege wa mashindano, alimwita akiwa juu ya ngazi, amekumbatia tundu. "Huyu murai wangu ana siku tatu hafungui mdomo. Wimbo wa kwanza, kimya. Wimbo wa pili, akainua mkia. Mwambie Jatmiko nimesema asante."

Alijaribu kusema lake. Yakamtoka: "Haya, Pak, nitamwambia."

Modin naye alikuwa kibarazani mwake, amekunja uso. "Nimesikiliza upande mzima nikingojea wafike kwenye dua," alisema. "Hawakufika. Lakini yule kijana analia vizuri. Analilia nini?"

"Sijui, Pak. Labda paa."

"Mrekebishieni."

Akapita nyumba baada ya nyumba, na kila mlango ulimpa asante badala ya nafasi ya kuomba. Mwanamke mmoja alisema wimbo wa tatu unafaa kupigia pasi. Mwingine alisema haelewi kitu, ila mjukuu wake amelala. Watu ambao katika maisha yao hawakuwahi kununua muziki wa roki walikuwa wameusikiliza wote, kwa sababu ulitoka jikoni kwake. Mtu atamnyang'anyaje mtu kama huyo? Alifika kwa Yu Karti na kikapu chake kimejaa kama kilivyotoka nyumbani, akaketi kwenye ngazi, akasema yote.

Yu Karti alimsikiliza huku anachuna maharage. "Kwa hiyo mimi nilipouliza zinaingia..."

"Kosa ni langu, Yu. Wewe uliuliza tu."

"Ni lako, naam. Maji yakimwagika hayazoleki." Alichuna maharage mengine. "Huo uzinduzi wao ni shughuli, au siyo shughuli?"

"Ni mambo ya vijana."

"Watu wanaalikwa?"

"Wanaalikwa."

"Basi ni shughuli. Saa ngapi?"

"Kesho, baada ya alasiri. Yu, usiende kumwambia mtu. Jatmiko atakufa kwa aibu."

"Nimwambie nani, mimi? Nenda ukauze pilipili zako."

Jumamosi asubuhi Bu Painem alifika jikoni, akauliza mlango kama kawaida, akanyoosha mkono kuchukua mchi. Mchi haukuwepo. Jiwe halikuwepo pia. Alitafuta chini ya meza, kisimani, mpaka juu ya dari. Jatmiko alikuwa ameshatoka, na tangu Alhamisi hakuwa amemwambia zaidi ya maneno mawili: "Bu, uje." Alikaa sakafuni pale palipokuwa na jiwe, pamebaki duara safi, akaona kweli Mungu ameamua kumpokonya kila kitu wiki moja. Halafu akavaa kebaya, blauzi yake ya heshima, akaenda, maana mwana ameita.

Ukumbi wa badminton ulikuwa na vijana wa fulana nyeusi na nywele ndefu, wanavuta sigara za karafuu. Kando ya mlango palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa kipya, na juu yake kaseti mbili tu: ile ya boksi la Jatmiko na ile ya boksi la Ratri. Mwandishi wa Jakarta, mtu wa miwani, aliitazama meza, akamtazama Ratri.

"Ni hizi tu?"

"Nyingine..." Ratri alikohoa. "Zimekubaliwa sana, Mas. Mtaani."

Bu Painem, aliyesimama nyuma ya nguzo, alitamani ardhi impasukie.

Ndipo mlango ukafunikwa na wanawake. Yu Karti alikuwa mbele, amevaa kebaya ya kijani ya arusini, poda usoni, na nyuma yake Kedungsari nzima, wake kwa waume, wamevaa kama wanakwenda kuozesha. Kila mwanamke alikuwa na beseni mikononi, na ndani ya beseni mchele, au sukari, au majani ya chai, au tambi kavu, kama mtu anavyokwenda kwenye karamu ya jirani yake. Na juu ya mchele, katika kila beseni, kaseti. Vijana wa fulana nyeusi walirudi nyuma kupisha. Mmoja alizima sigara.

"Mwenye shughuli yuko wapi?" Yu Karti alitangaza.

Jatmiko alikuja, uso umempauka. "Yu, hii... Nani amewaambia mrudishe?"

"Kurudisha? Nani anarudisha?" Yu Karti alimkazia macho. "Berkat hairudishwi, mtoto wewe, au mama yako hakukufundisha? Tumekuja kwenye shughuli, na mkono mtupu haulambwi. Kila mtu amechangia alichonacho nyumbani. Mimi nyumbani nina mchele na kaseti. Pokea!"

Jatmiko aliinama, akaushika mkono wake akauweka kwenye paji la uso, na hakuuachia haraka. Kisha akashika mkono wa aliyefuata, na wa aliyefuata. Ratri alipokea mabeseni huku analia waziwazi. Kaseti zilipanda mezani fungu juu ya fungu, na ukumbi ukaanza kunukia nazi ya kukaanga. Hazikurudi zote. Moja ilikuwa imerekodiwa mawaidha upande wa pili. Na Pak Sukiran alileta sukari peke yake.

"Yangu siitoi," alisema. "Murai ameanza kuushika wimbo wa pili. Nikimkatiza sasa nitakuwa nimemharibu."

Bu Painem alipoona mabeseni yale, miguu ilimwelekeza yenyewe ilikozoea: nyuma, kwenye majiko, akachemshe maji ya chai ya wageni. Yu Karti alimdaka kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna watu wengi, Yu, nani atapika..."

"Wewe leo ni mama wa shughuli. Umeona wapi mama wa shughuli akakaa jikoni? Keti!" Akamkalisha kwenye kiti cha plastiki cha mbele kabisa, naye akaketi kando yake kama askari. Bu Painem hakujua mikono aiweke wapi.

Muziki ulikuwa na kelele nyingi. Yu Karti aliziba sikio moja kwa adabu, akaliacha lingine wazi. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu ule wa pasi. Kisha Jatmiko, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasogelea maikrofoni, vijana wakapiga miluzi.

"Wimbo huu," alisema, "tuliurekodi mara tatu ukaharibika. Jikoni kulikuwa na mtu anasaga viungo. Nilikwenda nikamfukuza mama yangu kwenye jiko lake mwenyewe. Akaenda kusagia kwenye mvua."

Bu Painem aliinamisha kichwa. Basi lilikuwa limebaki hilo, litajwe mbele ya watu.

"Alipoondoka tukarekodi mara ya nne, safi kabisa. Tukasikiliza. Wimbo ukawa umekufa. Ratri akasema, rudisha ule wa tatu. Ule wa tatu ndio uliomo kwenye kaseti. Tulificha ili tumwambie leo. Halafu juzi nikakasirika, nikasahau kwamba nilikuwa na jambo la kumshukuru."

Ratri alikuwa amefunua kitambaa kilichokuwa kando ya dramu. Juu ya stuli lilikaa jiwe jeusi, pana, limebonyea katikati.

"Jiwe langu!" Bu Painem aliruka kitini. "Nimelitafuta mpaka darini!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ratri aliuinua mchi kwa mikono miwili, akauweka karibu na maikrofoni. Ponda, ponda, ponda, halafu mburuto mmoja mrefu. Tena. Wanawake wa Kedungsari waliacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, maana kila mmoja wao alikuwa ameolewa, au amezika, au amepata mtoto kwa mapigo yale. Ratri akaushika mchi kwa mkono mmoja, akaanza dramu kwa mkono wa pili, na gitaa la Jatmiko likaingia likifuata jiwe. Bu Painem alilia mbele ya watu mia mbili bila kujifuta. Ilikuwa shukrani tupu, na hakuona sababu ya kuificha. Yu Karti alimshika mkono mpaka wimbo ukaisha, halafu akasema kwamba binti anabonyeza mno, pilipili isingesagika hivyo.

Kaseti ziliuzwa zikaisha, na fungu la Jakarta likaondoka na mwandishi. Wiki chache baadaye ukurasa wake wa gazetini ulifika, Ratri akausoma kwa sauti jikoni. Aliandika kwamba sauti ya Jatmiko huyumba anapopanda juu ("Kweli," alisema Yu Karti), kwamba albamu imerekodiwa kama ndani ya mto wa kulalia, na kwamba katika wimbo wa nne kuna mpigo ambao hajawahi kuusikia kwenye albamu nyingine yoyote. Aliongeza kuwa nakala yake inanukia nazi, na kila akiisikiliza anapata njaa. Sumur Lor hawakupata utajiri. Waliagiza kaseti nyingine kidogo, Ratri akaendelea na fotokopi, Bu Painem akaendelea na soko. Ila tangu Jumamosi ile watu wa Kedungsari walipokwenda kumwalika akawasagie, walimwita pia mwanamuziki, kwa utani, naye alijibu kwamba malipo yake ni mguu wa kuku.

Kulipokucha siku moja ya masika iliyofuata, alikuwa na viungo vya tohara ya mjukuu wa Yu Karti. Aliliweka jiwe sakafuni, akamwaga vitunguu na pilipili, akauinua mchi, akausimamisha hewani kama alivyozoea.

"Le, mnarekodi?"

Nyuma ya mlango ilisikika sauti ya kitufe cha mashine kikibonyezwa.

"Tunarekodi, Bu," alijibu Jatmiko. "Saga tu."